Ramírez au Kohno: gitaa lipi la zamani la kuchukua?

Anayetafuta gitaa la klasiki la zamani, lililotengenezwa kwa mkono na ambalo bado linapigika, hakawii kukutana na majina mawili: José Ramírez wa Madrid na Masaru Kohno wa Tokyo. Majina makubwa zaidi yapo. Hermann Hauser wa Munich ndiye aliyetengeneza gitaa la 1937 ambalo Andrés Segovia, mpigaji mashuhuri wa Hispania, alilipiga jukwaani kwa miaka mingi, na leo limo katika jumba la makumbusho la Metropolitan, New York. Ignacio Fleta wa Barcelona, aliyeanza na fidla na chelo kabla ya kuhamia kwenye magitaa, naye alikuwa na foleni ya wateja mashuhuri. Lakini hao wawili wamekwisha kupanda kwenye rafu za makumbusho na za matajiri wakusanyaji. Kwa mtu anayetaka kupiga, si kuweka kabatini, mjadala unarudi kwa Ramírez na Kohno, hasa yale ya miaka ya 1960 hadi 1980.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema: kwa wapigaji wengi, Kohno iliyotunzwa ni ununuzi salama zaidi. Ramírez nzuri ina sauti ambayo Kohno haitaifikia, ila Ramírez iliyochoka ni mzigo wa fedha na wa vidole, na zilizochoka ni nyingi. Kila kitu kinategemea gitaa lililo mbele yako, kwa hiyo twende sehemu kwa sehemu.

Ni mkono wa nani?

Lebo ya Ramírez ni ya ukoo. Karakana ilianzishwa Madrid mwaka 1882 na José Ramírez wa kwanza. Tunayemzungumzia hapa ni mjukuu wake, José Ramírez III (1922–1995), aliyeshika usukani mwaka 1957 baada ya baba yake kufariki. Huyu alikuwa mbunifu na mkuu wa mafundi. Hakuchonga kila gitaa lililotoka na jina lake. Mafundi waliketi kwenye meza zao wakijenga kwa vipimo vyake, na fundi aliyejenga gitaa aligonga herufi za jina lake ndani, kwenye mguu wa kisigino cha shingo. Manuel Contreras, Paulino Bernabé na Félix Manzanero walipitia humo kabla ya kufungua karakana zao na kujijengea majina.

Maana yake kwa mnunuzi ni kwamba Ramírez mbili za mwaka mmoja, zenye lebo ileile ya daraja la kwanza, zinaweza kuwa kazi ya mikono miwili tofauti kabisa. Ingiza kioo kidogo na tochi kwenye tundu la sauti uzitafute zile herufi. Wauzaji wazoefu wanazijua na wanatoza kwa kuzijua. Sikushauri ulipie herufi peke yake, sikiliza kwanza. Jambo jingine: jina la Ramírez limebandikwa pia kwenye magitaa ya wanafunzi, ambayo ni bidhaa nyingine kabisa. Kwenye lebo tafuta "1a", alama ya daraja la kwanza. Isipokuwepo, bei ishuke nayo.

Kohno (1926–1998) alikuja kwa njia nyingine. Alianza kutengeneza magitaa mwaka 1948, Japani ikiwa bado inajiinua baada ya vita. Mwaka 1960 alikwenda Hispania na kujifunza katika karakana ya Arcángel Fernández, Madrid. Na Fernández mwenyewe alifundwa na Marcelo Barbero, ambaye naye alifanya kazi kwa José Ramírez wa pili. Kwa hiyo magitaa haya mawili yanayoshindanishwa sokoni ni binamu: yote yametoka kwenye mti mmoja wa mafundi wa Madrid, tawi moja likavuka bahari. Mwaka 1967 Kohno alishinda medali ya dhahabu katika mashindano ya watengenezaji magitaa huko Liège, Ubelgiji, na miongoni mwa waamuzi walikuwemo Fleta na Robert Bouchet wa Paris. Tangu hapo hakuna aliyemwita mwigaji.

Magitaa yake yana namba: 10, 15, 20, 30 na kadhalika. Namba ilifuata bei ya wakati ule kwa makumi elfu ya yen, hivyo namba 30 iliuzwa kwa yen 300,000. Matokeo yake namba hizi zinapotosha ukizilinganisha kwa miaka iliyoachana, kwa kuwa bei zilipanda na kazi iliyostahili namba ndogo mwanzoni ikahitaji namba kubwa baadaye. Linganisha namba za miaka inayokaribiana tu. Kohno alikuwa na wasaidizi, mmoja wao mpwa wake Masaki Sakurai aliyerithi karakana, lakini tofauti kati ya gitaa moja na jingine ni ndogo kuliko ile utakayoikuta Madrid. Ukipiga Kohno moja ya namba 20, unajua takriban nini kinakusubiri kwenye ya pili.

Uso wa gitaa, mahali sauti inapozaliwa

Antonio de Torres, fundi wa Andalusia aliyeliweka gitaa la klasiki katika umbo tunalolijua, alitengeneza mwaka 1862 gitaa lenye mgongo na mbavu (mbao za pembeni) za karatasi iliyogandishwa kwa gundi. Uso tu ndio uliokuwa wa mbao nzuri. Alitaka kuonyesha kwamba sauti inatoka usoni. Gitaa hilo lipo hadi leo katika jumba la makumbusho ya muziki la Barcelona. Kila unapoona tangazo linalosifia mgongo kwa aya nzima na kuupa uso neno moja, mkumbuke Torres.

Uso ni ubao mwembamba, wa milimita 2 hadi 2.5 hivi, unaobeba mvuto wa nyuzi wa takriban kilo 40. Usingedumu bila mataruma ya ndani, vile vijiti vyepesi vilivyobandikwa chini yake kwa mpangilio wa kipepeo cha kujipepea. Torres alizoea kuweka saba. Fundi hupunguza ubao kwa randa, anaubonyeza, anaugonga kwa kidole na kuusikiliza, kisha anarudi kwenye mataruma na patasi hadi aridhike. Hakuna kipimo kimoja kinachofaa kila ubao, na hapo ndipo kazi ya mkono inapolipwa. Kiwanda hukata nyuso zote kwa unene mmoja, hata pale ambapo ubao mmoja ni mgumu na mwingine laini.

Kwa karne nyingi uso ulikuwa wa sprusi ya Ulaya, mti wa jamii ya msonobari. Katikati ya miaka ya 1960 Ramírez III akaingiza mwerezi mwekundu kutoka magharibi mwa Kanada na Marekani, na dunia ya gitaa ikagawanyika. Mwerezi ni mwepesi na laini kuliko sprusi. Hujibu haraka, sauti yake ni ya joto, na gitaa halihitaji miaka mingi kabla ya kuchangamka. Ramírez ya mwerezi ikiwa nzima, nyuzi zake tatu nyembamba zina unono na utamu ambao Segovia na wanafunzi wake waliuabudu, na besi zake ni nzito na zenye giza kidogo. Akaongeza na mbinu nyingine: mbavu za tabaka mbili, rozwudi kwa nje na msaiprasi kwa ndani, ili ubavu uwe mgumu na nguvu ibaki usoni badala ya kupotelea pembeni. Ndiyo maana Ramírez huwa nzito mkononi.

Udhaifu wa sauti hiyo ni kwamba inataka kuwa tamu muda wote. Ukipiga fuga yenye sauti nne (muziki wa sauti kadhaa zinazofukuzana), zinaweza kushikana. Ile ya kati inamezwa. Kuna noti zinazonguruma na jirani zake zinazonyamaza.

Kohno alitumia sprusi na mwerezi. Ukiweza kuchagua, tafuta ya sprusi, kwa kuwa hapo ndipo tabia yake inapojitokeza: kila noti ina ukubwa sawa na mwenzake kuanzia chini hadi juu ya shingo, sauti zinaachana waziwazi, na ukibadilisha pembe ya ukucha, gitaa linabadilisha rangi bila kubishana. Wanaoiponda husema ni safi mno, haina pilipili. Kuna ukweli humo. Kohno haikupambi; ukipiga vibaya itatangaza. Kwa mwanafunzi makini hiyo ni faida, kwa mpigaji wa jukwaani anayetaka ukumbi ulowe kwa noti mbili za kwanza inaweza kuwa hasara.

Mkono wa kushoto haudanganyiki

Hapa ndipo ninapowazuia watu wengi wasichukue Ramírez, hata kama sauti imewateka.

Urefu wa uzi unaotetema, kutoka mfupa wa kichwani hadi mfupa wa darajani (daraja ni kile kipande cha usoni nyuzi zinapofungwa), umezoeleka kuwa milimita 650. Ramírez III aliuvuta hadi 664 ili apate nguvu zaidi ya kujaza ukumbi. Milimita 14 zinasikika chache. Lakini kwa noti ileile na uzi uleule, mvuto unaongezeka kwa asilimia 4 na kidogo. Kutoka mfupa wa kichwani hadi freti ya nne (freti ni waya unaokata shingo) unakuwa umbali wa milimita 137 badala ya 134, na hizo tatu kidole kidogo kinazihesabu. Ukishika bare, yaani kubana nyuzi zote kwa kidole kimoja, kwenye freti ya kwanza kwa dakika nzima, kesho yake kifundo kitakueleza. Mwenye mkono mkubwa hataona tabu. Mwenye mkono wa wastani atazoea vipande vingi na kuvichukia viwili au vitatu. Mwenye mkono mdogo asijidanganye kwamba atazoea.

Usiamini namba ya kwenye tangazo. Pima mwenyewe: kutoka mfupa wa kichwani hadi katikati ya waya wa freti ya 12, kisha zidisha mara mbili. Ukipima moja kwa moja hadi darajani utapotoka, kwa sababu mafundi husogeza mfupa wa darajani nyuma kidogo ili gitaa lilie sawasawa juu ya shingo. Na Kohno uipime pia. Naye alitengeneza zaidi ya urefu mmoja, na si zote ni 650. Katika miaka ya 1980 karakana ya Ramírez yenyewe ilirudi kutengeneza 650 sambamba na 664, kwa hiyo mwenye mkono wa wastani na moyo wa Madrid bado ana pa kutafutia.

Shingo, gharama iliyojificha

Magitaa haya hayana chuma cha kurekebisha shingo. Katika gitaa la nyuzi za chuma shingo ikipinda unazungusha funguo na mambo yanarudi. Hapa shingo ni mti mtupu, Ramírez akiweka ukanda wa abunusi ndani ya mti laini zaidi ili kuukaza. Ikishapinda mbele kwa miaka 50 ya mvuto, imepinda.

Angalia kimo cha nyuzi kwenye freti ya 12. Kawaida ni milimita 3 chini ya uzi wa kwanza na 4 chini ya uzi wa sita. Ukikuta 4 na 5, usikimbie bado. Tazama mfupa wa darajani umechomoza kiasi gani. Kushusha kimo kwa milimita 1 kwenye freti ya 12 kunataka uuchonge mfupa kwa milimita 2. Ukiwa umechomoza milimita 4, fundi atamaliza kazi kabla ya chakula cha mchana. Ukiwa umebaki kama ukucha na nyuzi bado ziko juu, hapo umekutana na ugonjwa wenyewe.

Kwa fidla, fundi angeing'oa shingo na kuirudisha kwa pembe mpya. Kwa njia ya Kihispania haiwezekani kirahisi, maana shingo na kisigino ni kitu kimoja na mbavu zimechomekwa kwenye mifereji iliyokatwa humohumo. Gitaa limejengwa kuzunguka shingo yake. Dawa iliyobaki ni kubandua ubao wa vidole wa abunusi, kuuchonga upya au kuubadilisha kwa mwingine ulionenepa upande mmoja, kisha kuweka freti mpya zote. Ni kazi ya fundi hodari na bili yake inaumiza. Ramírez za miaka ya 1960 na 1970 zenye hali hii si adimu. Mvuto wa 664 haukuzisaidia, na wamiliki wengi walipenda nyuzi ngumu. Kohno ina sifa nzuri miongoni mwa mafundi wa matengenezo kwa shingo zilizonyooka. Sifa si dhamana, kwa hiyo fumba jicho moja na kupiga mstari kwa jingine kutoka kichwani hadi darajani.

Vanishi nitaipitia haraka. Mafundi wa zamani walipaka shelaki kwa kitambaa, tabaka jembamba juu ya jingine, nayo haiusumbui ubao. Ramírez III alichagua vanishi ngumu ya kemikali kwa uimara wake, na kwa miaka mingi imejipasua kwa mistari midogo kama tope la bwawa lililokauka. Mistari hiyo ni ya juujuu, haidhuru sauti, na ni silaha nzuri ya kuteremsha bei. Kinachodhuru ni mtu aliyeiona, akaikwangua kwa msasa na kupaka upya: msasa hauondoi vanishi tu, unakula na uso. Gitaa linalong'aa kuliko umri wake liulize maswali.

Mgongo wa rozwudi na karatasi za mpakani

Ramírez za mwanzo mwa miaka ya 1960, na Kohno kadhaa za juu, zina mgongo na mbavu za rozwudi ya Brazili, mti wa jamii moja na mpingo. Baadaye rozwudi ya India ikachukua nafasi. Soko linalipia ile ya Brazili nyongeza kubwa. Mimi singelipa. Mbali na jaribio la Torres, utafiti uliochapishwa mwaka 2018 Uingereza uliwapa wapigaji magitaa ya nyuzi za chuma yaliyofanana kwa kila kitu isipokuwa mbao za mgongo na mbavu, wakayapiga bila kuyaona vizuri, na tofauti waliyoisikia ilikuwa ndogo mno. Nyuzi zilikuwa za chuma, sawa, ila hoja inaegemea upande uleule.

Kuna na la sheria. Rozwudi ya Brazili iko katika Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, tangu 1992. Kuuza gitaa lenye mbao hiyo kuvuka mpaka wa nchi kunahitaji vibali vinavyothibitisha kwamba mbao ilipatikana kabla ya hapo, na bila hivyo forodha inaweza kulizuia. Rozwudi ya India nayo iliwahi kubanwa mwaka 2017, lakini mwishoni mwa 2019 ala za muziki zilizokamilika zikaondolewa katika sharti hilo. Kama unanunua kutoka nchi nyingine, mgongo wa India unakuondolea usumbufu mzima.

Saa moja na gitaa

Omba saa nzima, na omba uwe peke yako. Gonga uso kwa kidole kuzunguka daraja na pembeni; taruma lililoachia gundi hujibu kwa mlio wa kukereza. Uso kuvimba kidogo nyuma ya daraja ni kawaida. Ukiona umezama mbele ya daraja na kupanda ghafla nyuma yake, mataruma yamechoka. Ufa uliozibwa vizuri na kuwekewa viraka vya ndani usikutishe, uwe wa Madrid au wa Tokyo. Ufa ulio wazi unaonyesha gitaa liliishi kwenye hewa kavu, kwa hiyo tafuta na mingine. Vikaza nyuzi vilivyobadilishwa na freti mpya si dosari. Hivyo vipo ili viishe.

Kisha piga kila noti kwenye kila uzi, polepole, hadi freti ya 12 na kuendelea. Ramírez itakuwa na noti moja au mbili zinazokufa mapema. Amua kama zinaangukia mahali unapozihitaji. Kohno ikiwa na noti kadhaa za namna hiyo, iache, maana usawa ndio uliokuwa ukiununua. Piga kwa sauti ndogo kabisa unayoiweza. Magitaa mengi hujikaza ukiyapiga kwa nguvu. La fundi mzuri linabaki na umbo la sauti hata ukilinong'oneza.

Kwa hiyo Ramírez nampa mwenye mkono mkubwa anayependa watunzi kama Albéniz na Torroba, na mizuka ya Segovia, ambaye amekuta moja yenye mfupa wa daraja uliochomoza na kimo cha nyuzi cha haki. Bach, Sor, muziki wa sasa, kufundisha, kurekodi, au mkono wa wastani: Kohno ya sprusi, bila kuzunguka.

Na anayelalamika kwamba yote mawili hayafiki nyuma ya ukumbi asitafute jibu kwenye magitaa ya zamani. Greg Smallman wa Australia alibadilisha mataruma ya kipepeo kwa wavu wa mbao ya balsa na nyuzinyuzi za kaboni chini ya uso mwembamba kupita kiasi, na mpigaji gitaa John Williams akaanza kulipiga la kwake mwanzoni mwa miaka ya 1980. Wajerumani Matthias Dammann na Gernot Wagner wakaja na uso wa tabaka mbili zenye uwazi katikati. Hayo yana nguvu ambayo Ramírez III aliitafuta kwa kurefusha nyuzi, na vidole havitozwi chochote. Uso wa namna hiyo ukiharibika, si kila fundi anajua aanzie wapi, kwa hiyo ulizia matengenezo kabla ya kuulizia bei.